Namna ya Kustaafu Ngao: Mwongozo kwa Mtu Aliyezoea Kengele

Kiinua mgongo kikiingia benki, usimwambie mtu siku hiyo. Vaa ndara, shuka bondeni, utafute mwembe mzee ulioponea mafuriko, na uulize waliokuwepo maji yalifika wapi. Watakuonyesha kwenye shina. Simama pale, uinue mkono mpaka kwenye hiyo alama, kisha ujiulize: mradi ninaoupanga ukikaa chini ya hapa, mwezi wa tano nitabaki na nini? Kama hutabaki na kitu, basi mradi huo ni mkubwa mno kwako, hata uwe umechorwa kwa rangi na kupigiwa hesabu kwenye kompyuta.

Mtu wa Ngao, hapa kwenye delta ya Mto Tana, hapimi mradi kwa faida peke yake. Anaupima kwa mto. Mradi mzuri wa mstaafu ni ule ambao maji yakiuchukua, anaweza kuuanza tena msimu unaofuata bila kwenda kukopa kwa shemeji. Kama unaona hii ni tahadhari ya kizee, pita Gamba ujionee. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi ilijenga pale mradi wa mpunga wenye mifereji, pampu na kuta za kuzuia maji, ukiwa na fedha za serikali na wahandisi wake. El Niño ya 1997 na 1998 ikaja, kuta zikabomoka, na kwa miaka mingi baadaye kilimo kile hakikusimama kama kilivyokusudiwa. Wewe una panga, jembe na wajukuu wawili wanaopenda simu. Anza na kitu kidogo.

Sasa zijue pesa zako kabla wengine hawajazijua. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya ni miaka 60 tangu 2009. Kabla ya hapo ulikuwa 55. Kwa walio katika mpango wa zamani wa pensheni, hesabu ni ya darasani: miezi uliyofanya kazi inagawanywa kwa 480, kisha inazidishwa kwa mshahara wako wa msingi. Mwalimu aliyefundisha miaka 30 ana miezi 360, yaani robo tatu. Kama mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 48,000, pensheni yake kwa mwezi ni 36,000. Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, ile robo ya mwaka mzima inazidishwa mara 20, naye anapata 2,160,000 mkononi na kubaki na 27,000 kila mwezi. Hiyo milioni mbili ndiyo inayoleta wageni. Atakuja mpwa mwenye wazo la bodaboda tatu. Atakuja dalali wa viwanja vya Minjila mwenye ramani iliyokunjwa mara nyingi. Watakuja wa kanisani au wa msikitini, nao wasikilize kwa heshima, kwa maana paa la nyumba ya ibada ni jambo la kweli. Lakini jibu la kila mmoja liwe hilo hilo: "Nipe mpaka maji yapungue." Katika delta, hakuna mtu mwenye adabu atakayebishana na jibu hilo.

Baada ya hapo rudi nyumbani, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umezoea kengele, ratiba na kuitwa mwalimu mkuu. Nyumba uliyorudia ina mkuu wake tayari, naye ameiendesha miaka yote ulipokuwa Hola, Malindi au Nairobi, bila mkutano hata mmoja wa wafanyakazi. Usikague sufuria. Usiulize kwa nini maji yanachemshwa kabla kuni hazijakauka vizuri. Usihamishe mtungi. Tafuta kazi ambazo kila mtu amezipita kwa miaka: mlango unaokwaruza sakafu, kitanda cha kamba kilicholegea katikati mpaka kimegeuka susu, banda la kuku lenye tundu ambalo kicheche amelijua kuliko wewe. Kuwamba kitanda peke yake ni kazi ya siku nzima ukiifanya kwa utaratibu, na mama wa nyumba akilala usiku ule bila kuamka na maumivu ya mgongo, utakuwa umepata cheo ambacho hakuna barua ya serikali ingekupa.

Shamba lina kalenda yake nayo haisomwi ukutani. Masika yanaanza mwezi wa nne, vuli mwezi wa kumi, na mto unapanda kwa mvua za huku na zaidi kwa zile za Mlima Kenya na Aberdare, ambazo huzioni. Mpunga unapenda bonde linalokaa na maji. Mahindi na kunde hufuata ukingo maji yanaporudi nyuma na kuacha tope jipya, ambalo ni mbolea isiyouzwa kwa gunia. Ndizi na miembe panda palipoinuka. Mboga za jikoni ziweke karibu na nyumba, kwa sababu magoti yako nayo yana haki ya kushauriwa.

Kuhusu miembe nina msimamo. Mstaafu apande ya aina mbili kwa wakati mmoja. Mche uliobebeshwa, wa ngowe au epo, utaanza kukupa matunda baada ya miaka mitatu au minne. Huo ni wako. Kisha fukia kokwa la dodo pembeni, ambalo litataka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa sawasawa. Hilo ni la mjukuu. Ipe miche nafasi ya mita kumi, hata kama leo pengo linaonekana kama ubadhirifu. Na msimu wa embe ukifika, ule wa Desemba na Januari ambapo kila nyumba ina rundo na bei imeanguka hadi mtu anaona aibu kuitaja, usiuze kwa lori la kwanza kwa hasira. Kata vipande vyembamba, vitandaze juu ya wavu safi chini ya jua kali, uvifunike nzi wasitue, uvigeuze kila saa chache. Embe kavu haiozi njiani kwenda Malindi.

Halafu kuna dungu. Sijui kazi inayomfaa mstaafu kuliko hii, na nasikitika kuona inaachiwa watoto wanaopaswa kuwa shule. Jenga jukwaa la miti katikati ya mpunga, uezeke makuti juu, ufunge kamba kuelekea kila pembe na mikebe mitupu yenye vijiwe. Mpunga ukianza kushika punje, kazi yako ni kuamia ndege: kwelea wakishuka, vuta kamba. Wasiposhuka, soma gazeti la wiki iliyopita. Unakaa mahali pa juu, penye upepo, unaona kila anayepita, na kila anayepita anakuona ukifanya kazi. Usiku ni jambo jingine. Viboko wanapotoka majini kula, dungu si mahali pa mtu mwenye miaka 60. Waachie vijana wenye tochi na mbio, nawe ulale.

Ukiwa juu pale mchana, nunua daftari na uanze kuandika ndege. Wengi hawajui kwamba shoro wa Basra, ndege mdogo wa kahawia anayezaliana katika mabwawa ya Iraki, huja kukaa msimu katika delta hii ya Tana. Mwaka 2012 delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na darubini shingoni kuja kuona kile unachokifukuza kwa mkebe. Andika tarehe, ulichokiona, na mahali. Hujaharibu kitu.

Lakini daftari la pili ndilo ninalokuomba kwa moyo wote, nalo ni la mto. Chomeka mti mgumu ukingoni, mahali pasipo na mamba wa kudumu, uupige alama za sentimita kama ulivyowafundisha watoto darasa la nne. Kila asubuhi andika kipimo, rangi ya maji, na kama mvua ilinyesha. Juu huko kuna mabwawa: Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Yakijaa na kumwagika, maji yale yatafika Garissa kwanza, kisha yatachukua siku kadhaa kuteremka mpaka Garsen na kwetu. Siku hizo kadhaa ndizo tofauti kati ya kuvuna mahindi mabichi ukiwa na akili yako, na kuyatazama yakizama. Kwa hiyo uwe na namba ya ndugu aliye Garissa, mpigie kila mto unapobadilika rangi, na uandike alichokuambia karibu na kipimo chako. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961; wa makamo wanakumbuka El Niño; watoto wana ya 2018, 2023 na 2024. Kinachokosekana katika vijiji vyetu vingi ni mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja akaandika kila siku, hata siku ambazo hakuna kilichotokea. Mwalimu mstaafu ana mwandiko, ana saa, na ana tabia ya kutia tarehe. Mti wako ukisombwa, chomeka mwingine juu zaidi, uandike na hilo.

Uvuvi uwe wa jioni, wa mshipi na ndoana, ukiwa umekaa juu ya gogo na si umesimama ndani ya maji. Kambare na perege hawana haraka, na mamba ana subira kuliko wewe. Kamongo anachimbwa kwenye tope wakati wa kiangazi, naye mwachie mwenye mikono migumu.

Asubuhi kunywa chai ya maziwa, na maziwa uyanunue kwa mama wa Kiorma anayepita na vibuyu. Nunua kwake leo, nunua kwake kesho, jua jina lake na ujue ng'ombe wake wako wapi. Hili si jambo dogo hapa. Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, na kila mtu wa rika lako anajua nyumba ambazo hazikusimama tena. Malisho, maji na mashamba ndiyo yaliyokuwa kwenye mzozo, pamoja na siasa za waliokuwa mbali na moto. Mstaafu mwenye shamba karibu na malka, ile njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni, aiache wazi. Asipande maboga katikati yake kwa kuwa tu ana cheti kipya cha ardhi. Ukialikwa kuketi na wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, nenda. Kikao kikiwa na wazee wa Kiorma, wahi zaidi, na siku ya kwanza usiseme neno. Umezungumza mbele ya darasa miaka 30. Hapa kaa usikilize mpaka utakapoulizwa, na ukiulizwa, jibu kwa ufupi.

Wajukuu wataletwa kwako mama zao wakienda shambani. Pokea. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa kwa ajili ya uhuru wa 1963, ulichukua muziki wake kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kwa hiyo unapombembeleza mtoto Ngao, unashika kazi ambayo taifa zima limeikopa kwenu na kuisimamia wima. Imba zile nyimbo za zamani polepole, na mmoja wa vijana azirekodi kwenye simu yake, pamoja na jina la anayeimba na kijiji chake. Rekodi na habari za ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo ambayo Waingereza waliichukua enzi ya ukoloni na ambayo ipo London katika British Museum. Anayekumbuka alichosimuliwa na babu yake kuhusu ngoma ile anazeeka sasa hivi, pengine nyumba ya tatu kutoka kwako. Ngao kumeandikwa mambo tangu 1887, wamishenari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walipofungua misheni hapa. Mengi waliyaandika wao. Sasa ni zamu yenu.

Mwisho kuna kazi ya meza, na isikupite kwa kuwa haina jembe. Karibu nawe wapo wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, wanaostahili shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, lakini hawajasajiliwa au majina yao yamekosewa herufi moja. Chukua miwani yako na kalamu, ukae kivulini siku moja kila wiki, uwasomee barua, uwajazie fomu, ulinganishe jina la kitambulisho na lile la benki. Ukimaliza ya jirani, malizia na yako: hakikisha jina la mkeo au mumeo limeandikwa sawasawa, kwani ukifa pensheni yako itaendelea kwa wanaokutegemea kwa miaka mitano tu. Jirani akirudi na mkungu wa ndizi kukushukuru, upokee wote, hata kama shambani kwako ndizi zinaoza. Mkungu ukikataliwa ataona haya kuja na barua nyingine, na mara nyingi ile barua ya pili ndiyo yenye tarehe ya mwisho.