Chumvi, Moshi na Daftari la Baba

Mashine ya kupima presha iliingia nyumbani kwetu Temeke ikiwa na mamlaka tayari. Mjomba aliinunua Kariakoo baada ya Baba kushikwa na kizunguzungu msibani, akakimbizwa zahanati, akasomewa 158 kwa 96 na kuambiwa arudi kupimwa tena kabla ya mtu kusema lolote la uhakika. Mjomba hakuona haja ya kusubiri. "Shemeji," alisema akifungua boksi, "sasa daktari unaye mezani." Baba ni karani mstaafu wa reli, haamini jambo mpaka liandikwe. Akaagiza kaunta buku, akaipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo, maoni.

Upimaji ulifanyika sebuleni baada ya sala ya Isha, kwa kufuata vyeo. Bibi, mama yake Baba, alitangulia, maana hakuna shughuli nyumbani inayoanza bila yeye. Mkanda ukafura, ukapumua, namba zikatulia: 118 kwa 74. Mdogo wangu wa kidato cha tatu akapiga makofi.

"Mimi? Mzima?" Bibi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 1951 mwanasosholojia wa Marekani, Talcott Parsons, alieleza kwamba kuumwa si hali ya mwili peke yake; ni nafasi katika jamii, yenye haki na wajibu wake. Mgonjwa husamehewa kazi zake za kila siku na halaumiwi kwa hali yake, mradi aonyeshe kwamba anataka kupona na anawatafuta wajuzi. Bibi hajamsoma Parsons, lakini nafasi hiyo ameikalia miaka mingi. Inampa kiti cha karibu na feni, paja la kuku, na ruhusa ya kutohudhuria vikao asivyovipenda. Namba 118 ilivitishia vyote. Akatoa hoja kwamba mashine ile inaona presha ya kupanda tu, na yake ni ya kushuka.

Mdogo wangu, akitaka kumtuliza, akamsomea habari kwenye simu. Novemba 2017, vyama vya madaktari wa moyo nchini Marekani vilishusha mpaka wa presha kutoka 140 kwa 90 hadi 130 kwa 80. Kwa uamuzi huo, watu wazima wanaohesabiwa kuwa na presha nchini humo walipanda kutoka asilimia 32 hivi hadi 46. Mamilioni walilala wazima wakaamka wagonjwa, na mishipa yao ni ile ile ya jana. Bibi akatafakari.

"Basi waandikie washushe tena mpaka 118," akasema, "na mimi nimo."

Baba yeye alijipima alivyotaka: akitoka kupanda kilima cha kituo cha daladala, mkono wa shati haujakunjwa, kahawa bado mdomoni, simu sikioni. Jioni ya mechi ya watani wa jadi, mwamuzi alipoweka mpira kwenye alama ya penalti dakika za mwisho, Baba alikuwa na mkanda mkononi. Mashine ikaandika 187. Mjomba, shabiki wa upande wa pili, akaipiga picha namba ile na kuirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp bila maelezo yoyote. Kulipokucha, ndugu walikuwa wameanza kuwasili.

Mtafiti John Janzen, katika kitabu cha 1978 kuhusu uganguzi katika eneo la Kongo ya Chini, alionyesha kwamba mgonjwa mara nyingi si mwamuzi wa matibabu yake. Ndugu hukusanyika, hubishana ugonjwa ni wa aina gani, humchagua mganga au hospitali, hulipa, na wasiporidhika humhamisha. Kikao chetu kingemfurahisha. Mama Mdogo alileta majani ya mlonge. Jirani alishauri kitunguu saumu na limao kabla ya chai. Mjomba akakumbushia mwaka 2011, alivyofunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, baada ya kukaa kwenye foleni ya magari iliyohesabiwa kwa kilomita.

"Ulipona?" Baba akauliza.

"Nipone nini, shemeji? Sikuwa naumwa. Nilikwenda kujihami."

Shangazi, dada yake Baba, alifika kutoka Korogwe akiwa hana majani wala mizizi. Alileta sheria. Chumvi marufuku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Shangazi aliona kijiko ni kingi. Kopo la chumvi likahamia chumbani kwake, chini ya kitanda, na Mama akabaki na sufuria na jiko bila kauli juu ya ladha.

Utawala wa Shangazi ulikuwa na matundu yake. Ili mchuzi usichukize, yeye mwenyewe aliumwagia viungo vya pakiti, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi, ila imeandikwa kwa herufi ndogo. Baba akaanza kupenda kunyoosha miguu jioni, akirudi ananukia mishkaki. Bibi alikuwa na akiba ndani ya kopo la ugoro. Alitugawia kwa ncha ya kidole, na kwa masharti: atakayeonja amkumbushe Baba kwamba mama yake naye haonekani vizuri siku hizi.

Mambo haya yote yalikuwa yakijadiliwa ndani ya moshi. Ilikuwa masika, uani mvua haikatiki, jiko la mkaa limeingizwa jikoni, chumba chenye dirisha moja ambalo tangi la maji limelizuia nusu. Humo Mama na dada wa kazi waliinama alfajiri kuwasha, adhuhuri kuchochea, jioni kurudia, na kikohozi kikajibizana mpaka usiku. Sebuleni mlango ulifungwa ili moshi usimsumbue mgonjwa. Shirika lile lile lililonukuliwa kwa ajili ya kijiko cha chumvi linakadiria kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya moyo na kiharusi. Ndiyo maradhi yale yale tuliyomhofia Baba. Kikaoni, hilo halikunukuliwa na mtu.

Mama alipimwa kwa bahati tu. Mjomba alikuwa amebadilisha betri, anatafuta mkono wa kujaribia. Namba zikaja 122 kwa 78.

"Wifi, wewe mzima wa afya!" Shangazi akatangaza.

Tangu usiku ule kikohozi cha Mama kikakosa shahidi. Kila alipokohoa, mtu alimkumbusha namba zake. Dada wa kazi hakuandikiwa hata mstari mmoja kwenye kaunta buku.

Mary Douglas na Aaron Wildavsky waliandika mwaka 1982 kwamba hakuna jamii inayoogopa kila inachostahili kukiogopa. Jamii huchagua hatari zake, na uchaguzi huo hufuata mpangilio wa jamii yenyewe, hasa suala la nani atabebeshwa lawama. Ukitaka mfano, njoo Temeke. Chumvi ilikuwa na wa kulaumiwa: mkono wa Mama. Moshi ungemlaumu nani? Ungemlaumu aliyekataa kununua jiko la gesi miaka yote kwa hoja kwamba ubwabwa wa gesi hauna ladha, na huyo ndiye mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo tukaiogopa chumvi.

Naye Mjerumani Ulrich Beck, katika kitabu chake cha 1986 juu ya jamii ya hatari, alisema kwamba hatari za zama hizi hazionekani kwa macho, zinasubiri vipimo na wataalamu waziseme, na kwamba hewa chafu haiheshimu mipaka ya matabaka. Kwetu ilikuwa kinyume. Moshi ulionekana, ulinuka, uliwatoa watu machozi, lakini haukuwa na safu kwenye kaunta buku. Na mipaka uliijua vizuri sana: uliishia mlangoni pa sebule.

Mdogo wangu ndiye aliyesoma kijitabu cha maelekezo. Mkono uwe wazi, mgongo uegemee, miguu itulie sakafuni, mkanda uwe usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, mtu apumzike dakika tano bila kuongea, tena asiwe amekunywa kahawa nusu saa kabla. Baba akatii, na namba zikashuka kutoka zile za penalti. Hazikushuka za kutosha. Aliporudi zahanati na kaunta buku yake, ilithibitika presha anayo kweli, inazunguka 148 kwa 92. Akaandikiwa vidonge vya kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na atembee. Mama akaongezea kwamba atembee upande usio na mishkaki.

Wakati Shangazi anasherehekea, Mama alikuwa na daftari lake, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alilipiga mistari kwa rula ya Baba: tarehe, saa, chakula, vikohozi vyangu, vikohozi vya dada, maoni. Usiku mmoja baada ya Isha akaliweka juu ya kaunta buku, akakaa.

Baba akavaa miwani. Chai, 6 kwa 4. Maharage, 41 kwa 29, maoni: macho. Pilau ya wageni wa kikao cha chumvi, 63 kwa 50, maoni: kifua kimebana, nilitoka nje mvuani. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, na alipofika mwisho akajumlisha. Karani hawezi kuona safu ya tarakimu akaiacha bila jumla.

"Nani amehakiki hizi?" akauliza.

"Mimi, Baba," dada wa kazi akajibu kutoka mlangoni. "Tulikuwa tunahesabiana."

Baba akavua miwani, akakohoa kidogo, akatueleza habari za redioni: kwamba Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Alizungumza kwa uzito wa mtu aliyeombwa na taifa. Kesho yake mtungi na jiko vikaletwa na bodaboda. Maharage tu ndiyo yalibaki ya mkaa, yakichemkia uani siku za jua, kwa kuwa Baba alikwisha piga hesabu ya gesi na kuifungulia safu yake.

Nyumba haikukaa bila hofu. Shangazi, aliyevuta moshi tangu utotoni, alikataa kulala paa moja na mtungi. Akapendekeza ukae nje, ufungwe kabla ya magharibi, na Mama apige hodi kabla ya kuwasha ili watu wajiandae. Mjomba akapendekeza wote tupimwe presha kabla na baada ya kupika. Bibi akaunyoosha mkono wake papo hapo, akisema tangu mtungi uingie moyo unamdunda. Mashine ikampa 116 kwa 72, akaomba betri zibadilishwe.

Mama alikuwa anafuta jiko jipya kwa kitambaa.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "anayeogopa gesi, mkaa uko uani, nusu gunia, na kipepeo kiko juu ya ndoo. Apike yeye."

Kikao kikaahirishwa. Shangazi alikuwa wa kwanza kuuliza chai inaiva lini.