Barua ya Wazi: Kuomba Radhi kwa Kuleta Sabuni

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya (jina nalihifadhi, maana kwetu mkubwa hatajwi ovyo barabarani),

KUH: KUOMBA RADHI KWA KULETA SABUNI

Kwa heshima na taadhima, mimi mama wa chama kimoja hapa Soin napiga magoti kukuomba msamaha. Mwezi uliopita tulipanda matatu, akina mama kumi na wawili na magunia mawili, hadi wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali ambayo nayo sitaitaja. Magunia yalijaa sabuni za kipande, mafuta ya kujipaka, chupi, pedi, malapa na mablanketi. Hatukukusudia kukuaibisha.

Tafadhali tuelewe. Soin ni bonde la miwa na joto. Tukipanda kule kwenye majani chai, mvua ya alasiri hutukuta na leso tu mabegani, na meno yanagongana. Ndiyo sababu blanketi lilitujia akilini kabla ya kitu kingine. Tulisahau kwamba kuna ofisi inayolipwa kulifikiria.

Nesi alitupokea vizuri, kongoi kwake. Siku chache kabla alikuwa ametueleza masharti kwa simu: hakuna mshipi, hakuna wembe, hakuna kioo, hakuna kamba ya kiunoni. Tulikesha tukizing'oa kamba kwenye suruali za mtumba na kutia mpira badala yake. Kikata kucha alikipokea kwa mkono wake mwenyewe, akakifungia kabatini.

Kisha tukangoja. Wewe ni mtu wa shughuli nyingi, hukuweza kufika, lakini kwa ukarimu wako ulimtuma mwakilishi na mpiga picha. Wagonjwa wakapangwa mstari uani kwa karibu saa mbili, kila mmoja na blanketi lake jipya mkononi, wasije wakalitumia kabla ya picha. Kijana mmoja alilifunua lake akajifunika kichwa gubigubi. Mpiga picha akambembeleza aonyeshe uso, akakataa. Labda alihisi baridi, Mheshimiwa. Mimi nilidhani ana akili timamu kutuzidi sote pale uani.

Wapo wachochezi hapa kijijini wanaotaja Katiba ya 2010, eti Kifungu cha 31 kinamlindia kila mtu faragha yake, na cha 43 kinampa haki ya huduma bora ya afya. Wanataja pia sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inayozitaka kaunti zitoe matibabu ya akili katika hospitali zao, mtu asilazimike kusafirishwa hadi hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa 1910 pale palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Wananikumbusha jopokazi la Dkt. Frank Njenga, lililopendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mimi huwanyamazisha. Nawaambia Mheshimiwa anajua kusoma.

Nina dogo moja tu, na uniwie radhi kwa kulitamka. Mzee mmoja hakutaka sabuni wala malapa. Alinishika mkono akaniuliza kama tumebeba maziwa. Siku hiyo walikunywa turungi, bila sukari, na kutoka dirishani pale unaona majani chai yamejipanga mpaka jicho linachoka. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nitakuandikia.

Basi kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utupokonye kazi hii. Weka sabuni, blanketi na maziwa kwenye bajeti, kila kimoja kwa jina lake, mstari wake na kiasi chake, tuisome. Sisi tutabaki na kazi ya kuketi nao, kuwasuka nywele na kuwapa habari za nyumbani, jambo ambalo halina zabuni. Na mpiga picha wako, kama itakupendeza, abaki ofisini.

Tutapanda tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Chama kina pesa za mafuta ya kujipaka na maziwa lita kumi tu, kwa kuwa miwa bado haijalipwa. Mablanketi tumekuachia wewe.

Wako mtiifu,
Mama wa chama, Soin