Wanafuturu, Hawakufunga

Kila Ramadhani, pale Uyole barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Tunduma, hujitokeza waungwana wa aina yake: kufunga hawafungi, kufuturu hawakosi. Zanzibar, ambako mwaka 2024 polisi waliwakamata watu kwa kula hadharani mchana, angalau wangeisikia adhana wakiwa na njaa. Mbeya hawakatazwi kitu. Mchana ugali na nyama, magharibi wako mbele ya foleni ya tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, nyuso zimesawajika kuliko za wenye swaumu. Ushahidi uko sokoni. Ndizi zinatoka Rungwe, hapo jirani tu, lakini mwezi ukiandama bei nayo inapaa. Waislamu hapa ni wachache, na midomo inayopumzika saa 13 kwa siku haiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake.

Watasema wafanyabiashara ndio walafi. Wamo, ila nani hupandisha bei ya kitu kisichogombewa? Watasema pia kula pamoja ni ujirani mwema. Kweli, na kwa baridi ya Uyole uji wa moto hauulizi mtu dini. Basi ujirani uanze kwa kumpisha aliyefunga achukue bakuli la kwanza. Tena mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja; mfungo wao wenyewe walikuwa nao, wakauruka, wakawahi futari ya jirani. Daku je? Saa kumi alfajiri hao wote wamelala fofofo.