Talaka ya Sukari

Yupo muungwana mmoja hapa Nyanza-Lac ambaye, tangu tabibu alipomtahadharisha na maradhi ya kisukari, ameipa sukari ya kiwanda cha Moso talaka tatu, na kila alfajiri, akiketi barazani kulielekea ziwa, hutia katika kikombe chake cha chai ya rangi vijiko vinne vya asali, akakilamba na kijiko chenyewe, kisha akatutajia Sura ya An-Nahl kana kwamba iliteremshwa kwa ajili ya kikombe hicho.

Shifaa ya asali inayotajwa humo hatuikanushi, twauliza kipimo tu. Maana asali, pamoja na nasaba yake tukufu, takriban asilimia 80 yake ni sukari, na kijiko chake, kwa kuwa ni kizito zaidi, hukishinda cha sukari kwa kalori. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliziandika zote mbili katika daftari moja. Tena sukari, maskini, ina fadhila ya kuadimika madukani, ikatulazimisha kujizuia.

Jana muungwana wetu alisahau kuifunika chupa ya asali. Sisimizi walikwisha kupanga safu, wala hakuna aliyeuliza kama ile ni dawa.