Kebo ya Hasi na Safari ya Mlowo

Jumamosi ya sendofu ya mdogo wake mke wangu, gari lilikuwa limepakiwa tangu usiku. Nyuma kulikuwa na masufuria makubwa, kreti za soda na mafurushi ya vitenge vya sare. Keki ilikaa kiti cha mbele, imefungwa mkanda. Ulikuwa mwezi wa Saba. Tunduma iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi huo upepo unaotoka upande wa Nakonde hauzuiliki kwa koti. Tulitakiwa Mlowo saa tatu asubuhi. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

Mama mkwe alikuwa ameshakaa ndani na mkoba wake magotini. "Baba, kuna nini?" Nikamwambia, "Subiri kidogo, Mama, tunaangalia."

Kwetu boneti ikifunguliwa, mtaa mzima unafika. Jirani anayeendesha lori la Lubumbashi alikuja na mswaki mdomoni akasema betri imekufa kwa baridi. Shemeji akasema siyo betri, ni stata, kaboni zake zimeisha, apewe nyundo aigonge. Vijana wa bodaboda wakajipanga nyuma tayari kusukuma. Hao ilibidi niwazuie, maana Probox yetu ni ya otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa: injini ikiwa imezima, pampu ya gia boksi haizunguki, na bila msukumo wa oili gia haishiki. Watasukuma mpaka Mpemba bure.

Mke wangu alikuwa upande wa pili, ameinama akimulika kwa tochi ya simu. Akasema, "Hii kebo ya gia ni ya moto." Hakuna aliyemjibu. Akarudia kwamba kebo inayoingia kwenye gia boksi inaunguza vidole, na injini haijawaka hata mara moja leo. Shemeji akamwambia, "Dada, hebu tupishe kidogo," huku mikono yote ikiwa kwenye betri. Neno lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa limeshasemwa, saa nzima kabla ya sisi wengine kulipata.

Jirani akaenda kumwamsha mwenye duka la spea, akarudi na betri mpya ya kukopa. Ikafungwa. Tik.

Ndipo akaja mjomba wake mke wangu, kwa miguu kutoka Sogea, amevaa suti ya sherehe. Mjomba ni fundi umeme mstaafu wa TAZARA. Aliingia kazini miaka michache baada ya reli ile kukabidhiwa mwaka 1976, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumia kwenye karakana ya Mpika, upande wa Zambia, akitengeneza vichwa vya treni. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: "Tangu asubuhi, nani ameona nini?" Kila mmoja akataja kifaa anachokishuku. Mke wangu akasema kebo ya gia ina moto.

Mjomba akageuka. "Mpwa wangu, hilo umelisema tangu saa ngapi?"

Akavua koti, akatoa mita ndogo ya fundi umeme. Kwanza aliagiza taa kubwa ziwashwe, kisha nigeuze ufunguo. Taa hazikufifia. Akaeleza taratibu, hata mama mkwe akashuka kusikiliza: betri ikiwa dhaifu, taa hufifia au huzima stata inapojaribu kuvuta. Zikibaki na mwanga uleule, basi umeme upo ila stata haiupati wa kutosha. Ama stata ni mbovu, ama njia imekatika mahali. Akapima betri yetu ya zamani, ile iliyotupwa kando: volti 12.5. Ilikuwa nzima. Akairudisha mahali pake.

Kisha kikaja kipimo ambacho natamani kila mwenye gari akijue. Ncha moja ya mita aliiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga stata." Kati ya sehemu hizo mbili pametandazwa kebo nene, kwa hiyo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, isivuke nusu volti. Ilisoma zaidi ya 8.

"Stata inakula ampea zaidi ya mia," alisema. "Umeme ukiingia kwa chanya lazima urudi kwenye betri kwa hasi. Barabara ya mpaka ikifungwa, mzigo unatafuta njia za panya. Hii kebo ya gia ndiyo njia ya panya. Haikutengenezwa kubeba umeme, ndiyo maana inaungua."

Kwa asiye na mita, alituonyesha namna nyingine. Alichukua waya mmoja wa kubusti, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini. Nikageuza ufunguo, na gari likawaka papo hapo. Vijana wakapiga mbinja. Mama mkwe akarudi ndani haraka akitaka tuondoke, lakini Mjomba akalizima. Altaneta nayo inarudishia betri umeme kupitia kebo hiyohiyo ya hasi, alisema. Tukiutoa waya huu na kuondoka hivi, tutaendelea kuunguza kebo ya gia, na huko Vwawa tukizima hatutawasha.

Kebo ya hasi ilipofunguliwa, kwa nje ilikuwa safi. Mjomba alichana mpira wake kwa kisu karibu na kichwa, na ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekuwa unga wa kijani. Zilizobaki nzima zilikuwa chache mno. Ndiyo sababu wiki nzima gari liliwaka kwa taabu asubuhi na kwa wepesi jioni: oili ya baridi ni nzito, stata inadai umeme mwingi zaidi, na nyuzi zile haziwezi kuupitisha.

Shemeji akakimbia dukani kwa bodaboda. Kebo ya kwanza aliyoleta ilikuwa nene, inang'aa, ya rangi ya shaba. Mjomba akakwaruza uzi mmoja kwa kisu: ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na metali hizo mbili zikiungana kwenye unyevu, alumini huliwa mapema. Akairudisha. Ya pili ilikatwa kutoka kwenye lori bovu, imezeeka kwa nje, lakini nyekundu mpaka kiini. Wakati tukisubiri, malori yalikuwa yakipita barabarani na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam.

Ufungaji haukuchukua muda. Vichwa vya betri vilioshwa kwa maji ya moto yenye magadi, na mahali kebo inapokaa kwenye injini palipigwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Grisi ilipakwa juu baada ya kukaza. Hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilipue cheche. Mjomba alimpa mke wangu mita apime mwenyewe. Volti 0.2.

Mlowo tulifika saa tano kasoro, keki ikiwa salama na Mjomba akiwa na doa la grisi kwenye mkono wa shati. Shemeji alimwomba dada yake radhi njiani, mbele yetu sote, na dada akapokea. Betri ya mkopo ilirudi dukani Jumatatu, ikiwa haijawasha gari lolote.

Nawaomba wenye maduka ya spea wa Tunduma: kebo ya alumini iuzeni kwa jina lake na kwa bei yake, na mnunuzi mkubalieni akwaruze uzi mmoja kwa kisu kabla hajalipa.