Kurudi Kazini Ufini: Maelezo kwa Wakazi wa Elgon View

Kurudi kazini baada ya kujifungua, kwa desturi ya Elgon View, mtaa wa mjini Eldoret, ni shughuli ya wanawake wawili: mmoja anatoka na gari asubuhi, mwingine anabaki kufunga geti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humfaa zaidi yule wa garini. Humpa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mumewe wiki mbili, ambazo aghalabu huishia katika kupokea wageni na kuwachinjia. Anayebaki getini mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, anangoja matokeo, na hajawahi kuajiriwa popote. Kwa hiyo kurudi kazini kwa mmoja ndiko kuanza kazi kwa mwingine. Ofisini hukatwa keki. Jikoni binti huonyeshwa sufuria ya maziwa ni ipi na ya mbwa ni ipi.

Kazi hiyo ya kwanza ina mtaala wake, ingawa hakuna chuo kinachoitolea cheti. Saa kumi na moja alfajiri maziwa yawe yamechemka. Watoto wa shule wafikishwe kwenye basi wakiwa na soksi zinazofanana. Kisha mchanga mgongoni kwa leso, nguo kwenye karai, na simu ya mama mwenye nyumba kila baada ya saa: amekula? amelala? amevaa kofia? Kofia ni suala zito. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na imani ya mji mzima ni kwamba mtoto asiye na kofia ya sufu amekwisha shikwa na nimonia, hata jua likiwa la utosini. Mwisho wa mwezi mshahara huingia kwa M-Pesa na kuendelea na safari kuelekea kwao binti, Moiben au Ziwa. Kwenye simu ya binti hukaa muda wa kusomwa tu.

Njia ya kutoka getini hadi Ufini si ya kubuni. Mwaka 2021 kaunti ya Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret, ilianza mpango wa kupeleka wanafunzi huko. Ukazua maandamano, ukafika mahakamani, lakini waliofika walifika. Binti wa jana akiwa mtunza wazee mjini Tampere, akajaliwa mtoto, hukuta hesabu za likizo ni nyingine kabisa. Tangu Agosti 2022 kila mzazi ana siku 160 za posho ya malezi, zikihesabiwa Jumatatu hadi Jumamosi, na mama ana siku 40 nyingine zinazoanza kabla hajajifungua. Anayelipa ni Kela, shirika la hifadhi ya jamii. Mzazi anaweza kumwachia mwenzake siku 63, si zaidi, kwa hiyo baba asiyetaka kukaa na mtoto hupoteza zake. Habari hii ikifika Elgon View husomwa mara mbili, na mara ya pili husomwa na mke kwa sauti. Kule Ufini, mchana barabarani wanaume wazima husukuma vigari vya watoto, na hakuna anayewauliza mama yuko wapi.

Likizo ikiisha, nafasi ya yaya hushikwa na manispaa. Kila mtoto ambaye hajaanza shule ana haki ya kupata nafasi katika kituo cha malezi. Ada hufuata kipato, na wenye kipato kidogo hawalipi kitu. Kwa walio chini ya miaka mitatu, mlezi mmoja hupewa wanne. Aliyewahi kupewa mchanga mmoja, wa shule wawili, mbwa, na nguo za nyumba nzima huisoma kanuni hiyo akitafuta mahali inapomtaja mfuaji. Haimtaji. Nguo humngoja mzazi jioni, pamoja na vyombo na chakula, na ndipo mtu hujua kwamba likizo ndefu na geti lenye msichana ni neema mbili ambazo Mungu hakuziweka nchi moja. Kwa wenye zamu kuna vituo vinavyopokea watoto hata usiku, jambo ambalo jamaa nyumbani hukubali kulisikia ila si kuliamini.

Kisha kuna usingizi wa mchana. Wafini huwalaza watoto nje, kwenye kigari, hata baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, wakiwa wamefungwa nguo hadi puani. Wao husema mtoto hulala vizuri zaidi. Picha ya kigari kwenye theluji haifai kutumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, isipokuwa kwa mzazi aliyejiandaa kupokea simu za shangazi zake wote usiku mmoja.

Kazini kwenyewe, mtaala wa Elgon View hulipa. Kumlisha mzee aliyefumba mdomo hakumshindi mtu aliyewahi kumlisha uji mtoto wa bosi. Kinachosumbua ni kuandika kwa Kifini kwamba amekula. Na siku za ugonjwa zipo: mtoto wa chini ya miaka 10 akiugua ghafla, sheria humruhusu mzazi kukaa naye hadi siku nne. Kikohozi cha kituoni hakijaisoma sheria hiyo.

Ndipo huitwa bibi kutoka kijijini. Hupita forodhani bila kibuyu chake cha maziwa ya mursik, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na maziwa kutoka nchi kama Kenya, na viza ya Schengen humpa siku 90 katika kila siku 180. Zikiisha, mtoto hurudi kituoni na mzazi huanza kuomba abadilishiwe zamu.