Kamba, Mkwe na Jagi la Maji

Tangu Jumamosi mama mkwe wangu hataki kuongea nami kwenye simu. Anamtaka binti yake, wanamaliza yao, na shikamoo yangu inapelekwa na kurudishwa kwa mdomo wa mtu wa tatu. Chanzo ni kamba.

Si kamba wa kwenye sufuria. Ni kamba hai, wekundu, ambao wakikua sana hufika sentimita 2 au 3, na wanaishi kwenye tangi la kioo la lita 20 sebuleni kwangu, pembeni ya televisheni. Mama alitoka Tanga na mashemeji zangu wawili kuja kutuona. Tukala pilau, tukashushia na chai, kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo.

Kwa kawaida hapo huwa nasalimika. Mgeni akisogea, kamba wote huingia majanini, mgeni hutazama maji matupu kwa adabu, husifu kokoto, tukarudi kwenye maongezi. Jumamosi hiyo haikuwa hivyo. Madume walitoka wote kwa mkupuo. Walikatiza tangi toka kona hadi kona, wakapanda, wakashuka, wakajigonga kwenye kioo, hawali, hawatulii, hawamwogopi mtu.

"Mkwe wangu," mama akauliza, "hawa wanatafuta nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Ila ni jibu ambalo mwanamume mwenye heshima zake hampi mama mkwe.

Kamba amevaa mifupa yake nje. Gamba hilo halitanuki, kwa hiyo akitaka kukua hana budi alivue lote, kila baada ya wiki chache, na watoto huvua mara nyingi zaidi. Mwaka 2011 wanasiasa wetu walitangaza kujivua gamba, nchi nzima ikakaa kusubiri. Kamba hatangazi. Gamba linapasuka mgongoni, pale kifua kinapokutana na mkia, anajikunja, anafyatuka, na shughuli imekwisha kabla hujamwita mtu aje kuona. Nyuma linabaki vazi tupu, jepesi, linaloonesha upande wa pili, na halikupungukiwa kitu: lina miguu, lina masharubu, lina mpaka vifuniko vya macho. Haliondolewi humo. Wenzake watalitafuna, maana lina kalsiamu watakayoihitaji zamu yao ikifika.

Sasa jike. Kabla hajavua, mayai yake yanaonekana wazi mgongoni, nyuma ya kichwa, doa la manjano lililokaa kama tandiko juu ya punda. Akishavua anakuwa laini, hana kinga, anajificha. Na ni wakati huohuo mwili wake unaachia majini harufu ambayo pua ya binadamu haiipati kabisa. Madume wanaipata wote kwa pamoja, na ndiyo mbio ile. Atakayemfikia hukaa naye sekunde chache tu, basi, kila mtu na njia yake. Baadaye jike huyateremsha mayai, 20 au 30 hivi, mpaka chini ya tumbo, akayashikiza kwenye vijiguu vya kuogelea. Kuanzia hapo hana usingizi. Anayapepea mchana na usiku yapate hewa yasiote ukungu, anayageuzageuza, na kazi hiyo anaifanya kwa wiki 3 au 4. Ukimtazama kwa karibu utaona vijiguu vinakwenda hata akiwa anakula, hata akiwa amesimama palepale hafanyi lingine. Siku ikifika, anayetoka ndani ya yai ni kamba aliyekwisha kukamilika, wa milimita 2, anayeanza kuokota chakula papo hapo. Ndugu yake wa Japani, yule aliyepewa umaarufu na mpiga picha Takashi Amano, watoto wake wasipopata maji yenye chumvi hawaishi. Huyu wangu hana masharti hayo, ndiyo maana mtu wa kawaida anaweza kumzalisha sebuleni.

Haya yote humweleza yeyote aliye tayari kunisikiliza, na msikilizaji wangu mkuu ni binti yangu wa miaka 7.

"Wananyoosha viungo, mama," nikajibu.

"Hapana, Bibi," binti akadakia toka kwenye mkeka. "Kuna mama mmoja amevua nguo zote. Ananukia. Sasa kina baba wanamtafuta wamuoe. Baba ndiye kaniambia. Baba huwa anakaa anawaangalia."

Shemeji mdogo alikimbilia barazani, kicheko kikiwa kimemtangulia. Mkubwa alibaki kwa makusudi, asije akakosa kitu. Shemeji ana utani, na utani wake una ruhusa ya ukoo mzima. Mkwe hana utani. Mama aliivuta kanga ikafunika nusu ya uso, akakaa hivyo, macho kwenye zulia. Sauti ilipomrudia aligeuka kwa mke wangu.

"Kwetu wadogo kiasi hiki huanikwa," akasema. "Huyu anawanunua shilingi ngapi?"

Nikawahi kujibu mimi, nikataja nusu ya bei. Hata nusu hiyo ilimfanya avue miwani. Kwa pesa ya kamba mmoja, akatupigia hesabu, mtu anatoka sokoni na uduvi wa kuunga kwa nazi, familia inakula na ugali, inashiba, na hakuna wa kuuliza wanatafuta nini.

Mengine yaliyonipata katika ufugaji huu hayana uzito huo. Umeme ukikatika pampu ya hewa inanyamaza. Jirani alinichungulia dirishani usiku wa manane nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga humohumo ili yapate hewa, na sasa akiniona anavuka barabara. Konokono waliingia na majani ya kununua, bila kualikwa, na leo ni wengi kuliko wenye nyumba. Nilichanganya wekundu na wa buluu, wajukuu wakatoka rangi ya matope, ambayo ndiyo rangi ya mababu zao kwenye vijito vya China na Taiwan. Muuzaji alikataa kuwatazama. Dawa ya mbu ya kupuliza imepigwa marufuku kwangu, kwa kuwa inayoua wadudu inawaua na kamba, hivyo tunaumwa na mbu kifamilia. Na Ziwa Tanganyika lina kamba wadogo wasiopatikana kwingine duniani, lakini dukani naletewa wa Asia, kwa ndege.

Yote hayo ningeyameza, pamoja na ya mama, kama si jagi.

Wakati wa kuaga, shemeji mkubwa aliona maji ya tangi yamepungua kidogo. Akaingia jikoni, akakinga jagi zima bombani, akarudi akalimimina. "Shem, nimewaongezea maharusi maji ya kuoga." Siku hiyo bomba la mtaa lilikuwa limetoka kutengenezwa, na maji yaliyorudi yalinuka dawa mpaka ukumbini. Asubuhi nilikuta wamelala ubavu juu ya kokoto. Kamba akifa wekundu wake unafifia, mwili unakuwa mweupe wenye uwaridi, usiopenyeza mwanga: ile rangi ya kamba aliyechemshwa. Yule jike aliyekuwa ametoka kuvua gamba alikuwa miongoni mwao. Wenye mayai walikuwa wameyaangusha.

Anayefuga kamba, kwa kweli, anafuga maji. Tangi jipya hukaa mwezi mzima na zaidi bila mnyama, ukisubiri bakteria wazaliane kwenye kokoto na kwenye sponji ya chujio. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, sumu nyingine. Wa kundi la pili huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo ikiwa kidogo haidhuru, na mimea inaila. Ni kiwanda kizima, na mashine zake hazionekani kwa macho. Klorini, ile dawa ya maji ya bomba, kazi yake ni kuua bakteria, wala haiulizi ni bakteria wa nani. Halafu inaunguza na mashavu ambayo kamba anapumulia. Ndiyo sababu maji yangu hulala kwanza kwenye ndoo iliyo wazi, klorini ipae, ndipo yaingie kidogokidogo. Kamba hana uvumilivu wa makosa. Damu yake hubeba hewa kwa madini ya shaba, si kwa chuma kama yetu, na bado shaba ikizidi chembe tu majini inamuua.

Jumatatu nilipiga namba iliyoandikwa kwenye bili ya maji. Nikauliza maji ya Jumamosi yalitiwa dawa kiasi gani. Sauti ikataka kujua kwa nini nauliza. Nikasema kamba wangu wamekufa. "Kamba wa kula?" Nikasema wa kufuga. Nikasikia akiwahadithia wenzake, wakacheka, simu ikakatika.

Walicheka kamba, nami siwalaumu, hata ukweni walinicheka. Lakini maji yale hayakuja kwa ajili ya kamba. Ndani ya mtaa huu yuko mama aliyekorogea uji wa mtoto kwa maji hayo, yuko mgonjwa aliyemezea vidonge, yuko mzee aliyetawadhia. Hakuna aliyeambiwa neno. Sikatai dawa: maji yasiyo na dawa ni kipindupindu, na bomba likipasuka tope linaingia, lazima lisafishwe, tena sawasawa. Ninachokataa ni ukimya. Mimi nilijua kuna jambo kwa sababu nina viumbe vinavyokufa mapema. Wengine wote walikunywa.

Ujumbe wa bili unafika kwenye simu yangu kila mwezi na haujawahi kukosea nyumba. Basi wenye maji watumie njia hiyohiyo: leo bomba limetengenezwa, dawa imeongezwa, yaacheni maji yatiririke kwanza. Ni mstari mmoja, na bili tumeshalipa.